Jicho Si Shahidi wa Kosa

Hakuna imani iliyokita mizizi hapa Nyakato, Mwanza, kama hii kwamba jicho halidanganyi. Mwalimu anayo, askari wa doria anayo, na mwenye nyumba anayo pia anapomhoji mpangaji aliyechelewesha kodi. "Nitazame machoni" ndiyo amri yetu ya kwanza tunapotaka ukweli. Aliyeinamisha uso ana lake jambo, na aliyezungusha macho anatunga. Dereva wa bodaboda mwenye macho mekundu amevuta bangi, hakuna haja ya kumuuliza. Mwanafunzi anayetazama dirishani hasikilizi. Na ukitoka mjini ukaelekea Magu, Misungwi au Kwimba, bibi mwenye macho mekundu hutajwa kwa sauti ya chini, na wapo waliotajwa hivyo jioni wakakutwa wamekatwa mapanga asubuhi.

Naandika kuipinga imani hiyo, na sitaki kuipinga nusu nusu. Watu wengi waungwana huikataa pale inapoua kikongwe lakini huitunza nyumbani, darasani na ofisini, kana kwamba ni imani mbili tofauti. Mwalimu anayemchapa mtoto kwa sababu "macho yake hayakuwa kwangu" na kijana anayemwogopa jirani kwa sababu ya rangi ya macho yake wamefanya kosa la aina moja. Wote wawili wameona kitu kwenye jicho, kitu cha kweli kabisa, kisha wakajaza wenyewe sababu yake.

Anayeitetea imani hii hana uongo mtupu, na ni haki kumpa anachostahili. Jicho kweli limeungana na akili. Mboni ya mtu mzima huweza kubanwa hadi kama milimita 2 na kupanuka hadi kama milimita 8. Kazi yake kubwa ni kupima mwanga, ndiyo maana ukitoka jua la saa saba Barabara ya Musoma ukaingia dukani, inachukua muda kabla hujauona uso wa muuzaji. Lakini msuli unaoipanua unaamriwa na mishipa ya fahamu ileile inayokimbiza mapigo ya moyo na kutoa jasho viganjani mtu anaposhtuka. Kwenye shina la ubongo kuna kituo kidogo mno kinachomwaga noradrenalini kichwani kote tunapozinduka, tunapokaza fikra au tunapoogopa, na utendaji wa kituo hicho huenda sambamba na upana wa mboni.

Haya yamepimwa. Mwaka 1960 Eckhard Hess na James Polt wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la Science kwamba mboni za watu hupanuka wanapotazama picha zinazowavutia. Mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty waliwasomea watu tarakimu za kukariri. Kila tarakimu ilipoongezeka mboni ilipanuka, na mtu alipoanza kuzitaja, ikasinyaa hatua kwa hatua hadi mzigo ulipokwisha kichwani.

Unaweza kuliona hili nyumbani kwako. Mketishe ndugu yako karibu na dirisha, autazame ukuta, mwanga usibadilike. Sogea uso kwa uso, kisha mwambie azidishe 17 kwa 14 kichwani bila kalamu. Kwa sekunde chache duara jeusi litapanuka kidogo na kubaki hivyo anapohangaika na hesabu. Atakapokwambia 238, litasinyaa. Akikata tamaa na kuiacha hesabu njiani, litasinyaa vilevile. Sasa jiulize mboni hiyo imekwambia nini. Imekwambia kichwa kilikuwa kazini. Haikukwambia kama jibu ni sahihi, wala kama katikati ya hesabu alikumbuka deni la dukani likamkereketa.

Hess mwenyewe aliteleza hapo. Aliamini kwamba mboni hupanuka kwa kinachopendeza na kubana kwa kinachochukiza, na laiti ingekuwa hivyo, wasomaji wa macho wangekuwa na hoja. Baadaye vipimo vilivyodhibiti mwanga wa picha zenyewe vilionyesha vinginevyo. Margaret Bradley na wenzake wa Florida walitoa matokeo mwaka 2008: picha za kufurahisha na picha za kutisha zote zilipanua mboni kuliko picha za kawaida. Anayemwona mchumba wake na anayemwona nyoka wote mboni zao hupanuka. Mboni hupima ukali wa hisia na haitaji ni hisia gani. Kipimajoto kikisoma nyuzi 39 kinasema mwili unapambana na kitu. Hakisemi ni malaria, ni taifodi au ni UTI, na daktari anayeandika dawa kwa kutazama kipimajoto peke yake hatumwiti mzoefu, tunamkimbia.

Tena kuna jambo ambalo wanaojisifu kusoma mboni za watu hawalitaji. Macho yetu wengi huku Kanda ya Ziwa ni ya kahawia iliyokolea. Mboni nyeusi imezungukwa na duara ambalo nalo karibu ni jeusi. Mabadiliko yanayoletwa na fikra mara nyingi hayafiki hata nusu milimita. Dirishani, uso kwa uso, unaweza kuyaona kwa shida; ndani ya daladala, au kwenye kibanda cha mlinzi getini kiwandani, hakuna binadamu anayeweza kuyaona. Watafiti hutumia kamera za mwanga wa infraredi kwa sababu chini ya mwanga huo hata jicho jeusi huonekana limepauka na mboni ikajitenga wazi. Mtu wa huko asiye na kamera hiyo akisema "nilimwona macho yamebadilika," ameona kitu kingine. Ameona ndita, au nguo zilizochakaa, au ameuona wasiwasi wake mwenyewe ukimrudia kutoka uso wa mwingine.

Tuje kwenye mwendo wa macho, maana huko ndiko imani hii inakojidai zaidi. Jicho halitiririki juu ya vitu, huruka. Huruka kama mara tatu kwa sekunde, na kila linapotua huona kwa ukali kipande kidogo tu, kama upana wa ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Miaka ya 1950 na 1960 Alfred Yarbus, mtafiti wa Kirusi, aliwaonyesha watu mchoro mmoja wa Ilya Repin wa mtu anayerejea nyumbani bila kutarajiwa. Alipowauliza umri wa watu waliochorwa, macho yao yalizurura kwenye nyuso. Alipowauliza hali ya kiuchumi ya familia ile, yakahamia kwenye mavazi na samani. Mchoro ulikuwa uleule, swali ndilo lililobadilika. Jicho lilifuata kilichokuwa kikitafutwa kichwani, na aliyejua kinatafutwa nini ni yule aliyeuliza swali.

Na hata hapo, macho na umakini huachana njia mara kwa mara. Hermann von Helmholtz alilionyesha hilo karne ya 19: unaweza kuyakaza macho mahali pamoja na kupeleka usikivu wa akili mahali pengine. Michael Posner alilipima kwa saa za maabara mwaka 1980. Lakini sisi hatuhitaji maabara, tuna uwanja wa CCM Kirumba. Kiungo mzuri humtazama winga wa kushoto, beki mzima anahamia kushoto, na mpira unakwenda kulia. Mashabiki tunashangilia. Tukitoka uwanjani tunarudi kuamini kwamba yaliko macho ndiko aliko mtu.

Sasa uongo. Mwaka 2006 Charles Bond na kundi kubwa la watafiti walitoa matokeo kutoka nchi 75. Waliwauliza watu unamtambuaje mwongo. Karibu theluthi mbili walitoa jibu moja: hakutazami machoni. Kwa hiyo si sisi peke yetu, dunia nzima inaimba wimbo huu. Ila dunia nzima imekosea. Bella DePaulo na wenzake walikusanya mwaka 2003 tafiti zilizopima waongo na wasema kweli wanavyofanya, wakakuta kwamba kukwepa macho hakuwatenganishi. Kisha Bond na DePaulo wakajumlisha maamuzi ya watu zaidi ya 24,000 waliojaribu kubaini uongo kwa kumtazama na kumsikiliza mtu bila ushahidi mwingine. Walipatia asilimia 54. Anayerusha sarafu hupata 50. Na wale ambao kazi yao ni kuhoji, askari na maofisa wa upelelezi, hawakuwazidi watu wa kawaida.

Vipo pia vile vikao vya "lugha ya mwili" wanavyouziwa vijana wanaotafuta kazi, kwamba mtu akitazama juu kulia anatunga, akitazama juu kushoto anakumbuka. Richard Wiseman na wenzake walilijaribu dai hilo mwaka 2012 wala hawakukuta chochote. Anayelipia somo hilo ameibiwa.

Najua nitakavyojibiwa: wazoefu wanajua. Muuza mitumba sokoni akimtazama mteja anajua kama atanunua au anapoteza muda. Nakubali, na sababu yake ndiyo inayonipa hoja. Muuza mitumba hupata jibu dakika hiyohiyo. Alidhani mteja atanunua, mteja akaondoka. Kesho atakuwa makini zaidi. Amesahihishwa mara elfu kwa mwaka, na anachosoma si jicho pekee, ni mkono unaoshika nguo, ni mguu unaokwenda na kurudi. Mwalimu aliyemwadhibu mtoto kwa kutosikiliza, nani humrudia kumwambia kwamba mtoto alikuwa akisikiliza? Askari aliyemweka mtu mahabusu kwa sababu ya macho yake, lini alipata kujua amekosea? Uzoefu usiosahihishwa humwongezea mtu ujasiri na haumwongezei ujuzi.

Hapa kwetu imani hii ina ukatili wa ziada. Tunawafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Binti wa Kisukuma hupiga magoti kusalimia, na uso wake huelekea chini, na akimkazia macho baba mkwe au mzee wa ukoo ataambiwa hana adabu. Amefundishwa hivyo tangu alipoanza kutembea. Kisha anafika miaka ishirini, anakaa mbele ya watu watatu wanaofanya usaili wa kazi, anainamisha macho kama alivyolelewa, na kwenye karatasi wanaandika: hajiamini. Au anasimama kizimbani kueleza alichotendewa, hamtazami hakimu, na wakili wa upande wa pili anasimama kusema shahidi huyu anaficha kitu. Tumemfundisha heshima, na sasa tunamhukumu kwa heshima hiyohiyo.

Mahakama zetu zinastahili kutajwa, maana sheria inamruhusu hakimu kuandika kwenye kumbukumbu jinsi shahidi alivyoonekana alipokuwa akitoa ushahidi, na kwa muda mrefu imesemwa kwamba hakimu aliyemwona shahidi kwa macho yake ndiye mwenye nafasi nzuri ya kumpima. Lakini Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai ya Shabani Daudi dhidi ya Jamhuri, Namba 28 ya mwaka 2000, ilieleza kwamba zipo njia nyingine mbili za kupima ukweli wa shahidi: kutazama kama maelezo yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na kuyalinganisha na ushahidi wa wengine, akiwemo mshtakiwa. Naomba mahakimu wazitangulize hizo mbili. Zote zinaweza kukaguliwa na mahakama ya juu kwa kusoma jalada. Mwonekano wa macho ya shahidi hauwezi kukaguliwa na yeyote, ulipita siku ile na haurudi.

Darasani ndiko ninakokasirika zaidi, kwa kuwa anayeumia hana wa kumtetea. "Niangalie ninapokuuliza!" Kila aliyesoma shule za Nyakato ameisikia sauti hiyo. Gwyneth Doherty-Sneddon, mtafiti wa Uskochi, amelichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa. Watoto wa umri wa shule ya msingi, swali likiwa gumu, huyaondoa macho kwenye uso wa anayewauliza. Hawakimbii swali. Uso wa mtu una mambo mengi ya kusoma, na akili inayosaka jibu hutafuta mahali patulivu pa kutua, iwe dari, dirisha au sakafu. Yeye na wenzake waliwafundisha watoto wa miaka 5 kutazama pembeni wanapofikiri, na walijibu vizuri zaidi kuliko wenzao wasiofundishwa. Huyo tunayemwambia atutazame tunamnyang'anya kifaa chake cha kufikiria wakati uleule anapokihitaji, halafu akikosa jibu tunasema tulijua, hakuwa akisikiliza.

Na kuna watoto ambao hata wakitaka kuyatuliza macho, hawawezi: watoto wenye ualbino. Huku Kanda ya Ziwa hakuna asiyejua waliyotendewa watu wenye ualbino, hasa kuanzia 2007, mauaji na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Yamesemwa mengi kuhusu ngozi zao, na ni lazima yasemwe. Macho yao tumeyasahau. Wengi wao macho hucheza yenyewe, huenda kushoto na kulia haraka haraka bila wao kutaka, kwa sababu jicho lililokosa rangi ya melanini halikukomaa kwa njia ya kawaida tangu tumboni. Mtoto huyo mara nyingi hugeuza kichwa pembeni au kukiinamisha, maana kuna pembe moja ambayo macho yake hutulia kidogo, na hapo ndipo anapoona vizuri zaidi. Mwalimu asiyejua anaona mtoto aliyemwelekezea sikio, amegeuza uso, macho yanahangaika. Anamwita mtukutu. Wakati huo mtoto amekaza nguvu zake zote kusoma ubaoni. Shule ya Msingi Mitindo, pale Misungwi, imewapokea watoto hawa kwa miaka mingi, na walimu wanaoishi nao wanajua kinachosaidia: kaa mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, maandishi makubwa, kofia hata ndani ya darasa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika kwanza ni mwalimu kuacha kuamini kwamba jicho linalocheza ni akili isiyotulia.

Nimefika kwenye macho mekundu, na hapa sitapita haraka.

Simama karibu na mama anayekaanga mapanki, yale mabaki ya sangara. Mafuta yanachemka kwenye sufuria pana, kuni mbichi zimesukumwa chini ya mafiga, na upepo wa ziwani ukigeuka moshi wote unamvaa usoni. Anageuza mgongo, anafuta macho kwa upande wa juu wa mkono kwa sababu vidole vina chumvi na mafuta, anarudi. Kope zimevimba kidogo. Weupe wa jicho umejaa mishipa myekundu, na pembeni mwa pua kuna kinyama chembamba kilichoanza kutambaa kuelekea mboni. Hakuna anayemwita mchawi. Moto tunauona, moshi tunauona, tunajua macho yale yametoka wapi. Tunanunua samaki na kumpa pole.

Sasa mwongezee miaka thelathini. Mpeleke kijijini Kwimba ambako miti imekwisha, anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua ya pamba, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Macho hayajisafishi tena kwa machozi kama zamani. Mtoto wa jicho ameanza kuifunika mboni moja. Mume amefariki, na shamba bado ni lake. Mwaka huo wajukuu wawili wa jirani wanakufa kwa homa. Macho ni yaleyale, moshi ni uleule, ila safari hii hakuna aliyesimama jikoni kuuona moto.

Takwimu za serikali zilihesabu watu zaidi ya 3,600 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984. Wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji yalitokea Usukumani. Msomi wetu Simeon Mesaki alitumia miaka mingi kuyaeleza mauaji hayo. Serikali imepiga vita ramli chonganishi mara kadhaa, na mwaka 2015 ilitangaza tena kuwapiga marufuku wapiga ramli. Mauaji yalipungua, lakini hayakukoma.

Wapo wanaosema macho ni kisingizio tu, kwamba kiini ni ardhi, urithi na vifo visivyo na maelezo. Ni kweli kabisa. Lakini kisingizio hakiui mpaka kipate wa kukiamini. Kijana anayetaka shamba la shangazi yake hawezi kusimama kijijini na kusema "nataka shamba." Anahitaji kusema jambo ambalo wasikilizaji tayari wanaliamini nusu. Nani amewaandaa wasikilizaji hao? Sisi sote tunaosema kila siku kwamba jicho halidanganyi. Mganga hana haja ya kuthibitisha chochote, anakuta kazi imekwisha kufanywa na mwalimu, na mzazi, na askari, na kila aliyewahi kumwambia mtu "nimekuona machoni." Ndiyo sababu nasema ni imani moja, na asiyeikataa darasani hana nguvu ya kuikataa Kwimba.

Wala sisemi tuache kutazama macho. Tunayatazama kidogo mno pale yanapokuwa na la maana. Mkulima wa pamba aliyetoka kupulizia dawa bila barakoa, akaanza kutoka mate na jasho na kupumua kwa shida, mboni zake zikibana kama ncha ya kalamu, huenda amepata sumu ya viuatilifu vya oganofosifeti, na hospitali ina dawa yake, atropini, lakini inataka haraka. Kijana wa bodaboda aliyeanguka bila kofia ngumu, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine huku fahamu zikififia, anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu, na kila dakika ya kubishana kabla ya kumfikisha hospitali ya Bugando inamgharimu. Haya ni mambo ambayo jicho linayasema wazi, na anayeyasikia ni yule anayejua kilichotangulia na anayetazama dalili nyingine pamoja nalo.

Usingizi nao haufichiki. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na yanayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hupita saa za alfajiri ambazo mwili wa binadamu unadai kulala hata kama dereva ni hodari. Jicho lililochoka linajulikana: kope hushuka polepole na kuchelewa kupanda, kupepesa kunakuwa kurefu, macho yanagandia mbele bila kuruka kwenye vioo. Tangu miaka ya 1960 imeandikwa kwamba hata mboni ya mtu mwenye usingizi, akiwekwa gizani, huyumba ikipanuka na kusinyaa bila mpangilio. Kondakta aliyekaa pembeni ya dereva anaweza kuyaona mengi ya hayo bila mashine. Ajabu ni kwamba kondakta huyohuyo, anayejua kwa kutazama tu kwamba abiria fulani "ana macho ya wizi," hamtazami dereva.

Wajanja wa biashara nao hawako mbali. Tangu 2014 kampuni ya Marekani inayoitwa Converus inauza mashine iitwayo EyeDetect, inayopima mboni na mwendo wa macho mtu anapojibu maswali, kisha inatoa hukumu ya mkweli au mwongo. Itakapobisha hodi kwenye mlango wa kiwanda hapa Nyakato, itauzwa kwa jina la sayansi. Mameneja waulize swali moja: mboni ya mfanyakazi mwaminifu anayeogopa kupoteza kazi inatofautianaje na ya mwizi anayeogopa kukamatwa? Zote zimepanuka kwa hofu. Mashine inapima hofu vizuri sana, na kwenye chumba cha mahojiano kila mtu anayo.

Mwalimu, mtoto akitazama dirishani, muulize ulichosema sasa hivi. Akikirudia, endelea na somo. Hakimu, andika shahidi alisema nini na kama kinalingana na jalada. Askari wa Barabara ya Musoma, kijana aliyeendesha pikipiki tangu alfajiri kwenye vumbi bila kioo cha kofia atakuwa na macho mekundu hata kama hajawahi kunusa bangi, mpime, usimhukumu.

Na wewe ambaye nyumbani kwenu kijijini yupo bibi au shangazi mwenye macho mekundu, ukienda likizo mpeleke kliniki ya macho, na fedha ya soda na vocha iwekeze kwenye jiko sanifu lenye bomba la kutoa moshi nje. Mashirika yanayowatetea wazee yamewahi kujenga majiko ya aina hiyo Magu. Akitokea mtu, mganga au jirani au ndugu wa damu, akasema macho ya bibi huyo yana neno, mjibu palepale mbele za watu kwamba yana moshi, kisha ukatoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi siku hiyohiyo, kabla jua halijazama.